Kamera Umaasaini: Kutoka Chicago 1909 hadi Kitengela

Mwaka 1909, ndani ya studio moja mjini Chicago, simba mzee alipigwa risasi mbele ya kamera. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuwa amefunga safari ya kuja kuwinda Afrika Mashariki, na mwenye studio hiyo, William Selig, hakutaka kungoja arudi. Alimtafuta mwigizaji wa kumwiga Roosevelt, akawavika Wamarekani Weusi mavazi ya wapagazi, akapanga vichaka vya kuigiza pori, kisha simba akatolewa afe. Filamu hiyo, Hunting Big Game in Africa, ilijaza kumbi.

Roosevelt wa kweli alikuwa ameanzia safari yake Kapiti, kwenye nyanda zinazopakana na nchi ya Ilkaputiei, Wamaasai ambao ndio wenyeji wa mahali panapoitwa leo Kitengela. Mwingereza Cherry Kearton alimpiga filamu humu nchini mwaka huo huo, na kazi yake ikatoka 1910. Ilikuwa na wanyama wa kweli, watu wa kweli na jua la kweli, lakini watazamaji wa Marekani hawakuichangamkia kama walivyoichangamkia ile ya Chicago. Walikuwa wamekwisha kuonyeshwa Afrika wanayoitaka.

Naianza historia hii na simba yule kwa sababu mambo mawili yaliyojitokeza pale yameendelea kwa zaidi ya miaka 100. La kwanza ni kwamba sura ya Umaasaini imekuwa ikitengenezwa mbali na Umaasaini. La pili halisemwi sana, nalo ndilo linalonikera zaidi: filamu ikishamalizika huondoka na aliyekuja nayo. Wamaasai wa Kajiado ni miongoni mwa watu waliopigwa picha nyingi mno Afrika nzima, na ukienda Isinya, Ilbisil au Loitoktok kuuliza picha hizo ziko wapi, utaelekezwa London au Marekani. Kwa hiyo tunapowasifu vijana wa leo wanaoshika kamera wenyewe, tuulize pia kazi yao inalala wapi usiku.

Filamu ya Kearton ilipokuwa ikizunguka Marekani na Uingereza, Wamaasai walikuwa katikati ya kupokonywa ardhi. Mkataba wa 1904 uliwagawa katika maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini, kwa ahadi kwamba wataachiwa maeneo hayo daima. Mkataba wa 1911 ukaivunja ahadi hiyo, na kati ya 1911 na 1913 familia za Laikipia zikasukumwa kusini pamoja na mifugo yao. Parsaloi ole Gilisho na wenzake walikwenda mahakamani mwaka 1913, wakashindwa kwa hoja kwamba mkataba kati ya dola na jamii huru si jambo la mahakama hiyo. Karatasi za kesi zimebaki na wanasheria wanazisoma hadi leo. Wapiga picha hawakuwa na haja na ule msafara wa ng'ombe, watoto na wazee. Haja yao ilikuwa simba.

Haja hiyo iliendelea. Mwaka 1928 Wamarekani Martin na Osa Johnson walitoa filamu yao Simba, ambayo kilele chake ni kundi la wapiganaji wenye mikuki wakimzingira mnyama huyo. Mwaka 1951 mwongozaji Harry Watt alitoa Where No Vultures Fly, iliyopigwa huko Amboseli, ndani ya Kajiado yenyewe. Inaeleza habari za afisa wa wanyamapori Mzungu anayehangaika kuanzisha hifadhi, na shujaa huyo amechorwa kutokana na maisha ya Mervyn Cowie, mwasisi wa hifadhi za taifa za Kenya. Uingereza iliipenda sana. Wamaasai wamo ndani yake kama milima na miti ilivyomo. Amboseli ilikuwa imetangazwa hifadhi mwaka 1948, miaka miwili tu baada ya Hifadhi ya Nairobi, na wafugaji waliokuwa wakinywesha mifugo kwenye chemchemi zake walikuwa na mengi ya kusema juu ya tangazo hilo. Aliyewauliza mbele ya kamera hakuwapo.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na filamu zake. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt aliendesha mradi wa majaribio uliotengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika na kuzizungusha kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda na hata Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waigizaji walikuwa Waafrika, na hilo lilikuwa jipya, ila mafunzo yaliamuliwa na wengine. Mwaka 1939 kikaundwa Kitengo cha Filamu cha Makoloni, chini ya William Sellers, aliyeamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata filamu inayokwenda haraka, hivyo kila kitu kiende polepole na kirudiwe. Mtu aliyezoea kutazama kundi la ng'ombe likishuka mlimani na kujua mara moja ni nani aliyepungua, huyo ndiye aliyeambiwa hajui kutazama.

Mabadiliko yalianza kwa jambo dogo: kumwacha mtu aseme. Mwaka 1968 David na Judith MacDougall walikwenda Karamoja, Uganda, wakawapiga filamu Wajie, wafugaji kama Wamaasai. Filamu yao To Live with Herds ilitoka 1972. Mzee alizungumza kwa lugha yake, na maneno yake yakaandikwa chini ya picha. Hapo awali wafugaji wa Afrika Mashariki walikuwa wakionekana wakifungua midomo huku sauti ya Mzungu ikieleza wanachofanya. Baadaye kidogo wawili hao walivuka kuja Kenya, wakafanya kazi ndefu na Waturkana. Mwaka 1974 ikafuata Masai Women, kazi ya Melissa Llewelyn-Davies na Chris Curling kwa televisheni ya Granada ya Uingereza, iliyopigwa Loita, upande wa Narok. Llewelyn-Davies aliishi na watu wa Loita, akajifunza Kimaasai, na akaendelea kurudi na kutoa filamu nyingine hadi miaka ya 1990. Wanawake katika kazi zake wanacheka, wanagombana, wanawasema waume zao. Kwa macho yangu hizo ndizo filamu bora kabisa alizopata kupiga mgeni Umaasaini, na ni hasara kubwa kwamba wajukuu wa wanawake wale hawazioni kirahisi kama anavyoziona mwanafunzi wa chuo kikuu cha Uingereza.

Wakenya wenyewe walifika polepole. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma jijini Nairobi ilianza miaka ya 1960, na kwa muda mrefu ilikuwa karibu mlango pekee wa kujifunza kazi ya filamu nchini. Humo ndimo alimopitia Anne Mungai, ambaye mwaka 1992 alitoa Saikati, habari za msichana wa Kimaasai anayetaka kusoma udaktari huku nyumbani wakimpangia ndoa, akatorokea Nairobi. Mkenya, tena mwanamke, alikuwa sasa nyuma ya kamera. Msichana mwenyewe wa Umaasaini bado alikuwa mbele yake.

Fikra ya kumkabidhi kamera yule anayepigwa picha ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwingine. Mwaka 1966 huko Arizona, Sol Worth na John Adair waliwafundisha Wanavajo kutumia kamera, wakawaacha wapige walichotaka. Mwaka 1967, kwenye kisiwa cha Fogo nchini Kanada, wavuvi waliotakiwa kuhama walirekodiwa wakieleza shida zao, wakaonyeshwa wao kwa wao, kisha filamu hizo zikaonyeshwa serikali. Kuonyeshana kule ndiko kulikokuwa kiini cha kazi: mtu wa kijiji cha huku alimwona wa kule akisema lile lile linalomuuma. Hawakuhamishwa. Kwetu Afrika Mashariki, katika miaka ya 1990, wavuvi wa Mtwara na Lindi nchini Tanzania walitumia video kwa namna hiyo kujadili uvuvi wa baruti uliokuwa ukiua matumbawe yao.

Nchini Kenya mbegu hii iliota kwanza penye msongamano. Shirika la FilmAid liliingia kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 2001, na baada ya kuonyesha filamu kwa muda likaanza kuwafundisha vijana wa Kisudani, Kisomali na Kikongo kutengeneza za kwao. Mathare ikapata Slum TV, kikundi cha vijana waliokuwa wakipiga habari za mtaa na kuzionyesha mtaani humo humo. Kibera ikapata shule yake ya filamu. Kajiado ilichelewa, na sababu zake ni za wazi. Vijana wa Mathare wanaishi mwendo wa dakika tano kutoka kwa mwenzao mwenye kompyuta. Kijana wa Matapato anahama na mifugo wakati wa kiangazi, umeme uko kwenye mji wa barabarani, na mfadhili aliyeko Nairobi hupenda mradi anaoweza kuutembelea akarudi kabla ya jioni.

Kamera ambazo Wamaasai wa Kenya walikabidhiwa kwa mpango rasmi wa kimataifa zilikwenda kaskazini, Il Ngwesi huko Laikipia. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia hakimiliki, WIPO, mwaka 2008 lilipeleka Wamaasai wawili pamoja na mtaalamu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya hadi Marekani, kwenye Maktaba ya Bunge na Chuo Kikuu cha Duke, wakajifunze kurekodi sauti na picha, kutunza walichorekodi na kulinda haki zake. Julai 2009 mkurugenzi mkuu wa WIPO, Francis Gurry, akaikabidhi jamii hiyo vifaa. Natamani mpango ule ungeigwa kaunti zote za wafugaji. Wengi hufundisha kubonyeza kitufe cha kurekodi, wakaishia hapo. Il Ngwesi walifundishwa pia kwamba wimbo wa bibi yako ukishaingia kwenye kadi ya memori una mwenyewe, na mwenyewe huyo lazima ajulikane kabla haujatoka.

Kusini mwa mpaka wa Kenya, ndugu zao wa Loliondo walikuwa na vita vingine. Mwaka 2013 serikali ya Tanzania ilitangaza kutenga kilomita za mraba 1,500 za malisho yao kuwa ukanda wa wanyamapori, eneo ambalo kampuni ya uwindaji kutoka Uarabuni ilikuwa ikiwindia tangu 1992. Tangazo lilisitishwa baada ya maandamano na kelele za dunia nzima, lakini hofu ikabaki. Mwaka 2015 kundi la Wamaasai wa huko, wake kwa waume, waliofundishwa na shirika la InsightShare la Uingereza, walitoa filamu yao Olosho. Walichagua wenyewe wa kumhoji, wakapiga wenyewe. Ukiitazama unaona tofauti na filamu za wageni hata kabla hujaelewa neno: kamera haimkimbilii morani anayeruka. Inakaa na wanawake walioketi chini wakizungumza, na inawasubiri wamalize.

Kazi ile iliwafikisha pasipotarajiwa. Samwel Nangiria, mmoja wa viongozi wao, alifika kwenye jumba la makumbusho la Pitt Rivers mjini Oxford mwaka 2017, akaona vitu vya Kimaasai vyenye maelezo yasiyo sahihi, na vingine ambavyo kwa mila havitoki katika familia ila kwa msiba mkubwa. Mwaka 2018 ujumbe wa Wamaasai kutoka Kenya na Tanzania ukaenda kuvikagua, na mwaka 2020 ukarudi pamoja na oloiboni, yaani kiongozi wa kiroho, Lemaron ole Parit kutafuta vimetoka kwa akina nani. Mwaka 2023 watu wa jumba hilo walikuja kuketi na familia hizo kwa ajili ya upatanisho. Safari hizo zilirekodiwa na Wamaasai wenyewe. Vijana waliojifunza video kwa ajili ya malisho yao waliishia kuwauliza wazungu wa Oxford maswali kuhusu bangili ya marehemu.

Turudi Kitengela, maana huku mambo ni magumu zaidi. Loliondo adui anaonekana: ni tangazo, ni gari la serikali, ni mpaka uliochorwa kwenye ramani. Kitengela ardhi imeondoka kwa sahihi za wenyewe.

Sheria ya 1968 iliruhusu wafugaji kumiliki ardhi kama ranchi za kikundi. Kufikia miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ilikuwa inagawanywa, kila mwanachama na hati yake. Mwaka 1990 likaja eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, jirani hapo Athi River, na maelfu ya wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Dalali akafuata. Ekari zikawa ploti, ploti zikawa magorofa. Sensa ya 1999 iliihesabu wilaya nzima ya Kajiado watu 406,054. Mwaka 2009 walikuwa 687,312, na mwaka 2019 kaunti ilikuwa na 1,117,840. Mji wa Kitengela peke yake ulipanda kutoka watu 58,000 hivi mwaka 2009 hadi 154,436 mwaka 2019. Ndani ya kizazi kimoja mtoto wa Ilkaputiei amejikuta darasani na watoto wa Kikamba, Kikuyu, Kikisii, Kiluo na Kisomali, akiwa yeye ndiye mgeni wa lugha pale ambapo babu yake alichunga. Katiba ya 2010, ibara ya 56, inalinda makundi madogo na yaliyotengwa. Haielezi mtu afanye nini anapogeuka kuwa kundi dogo katika mji uliojengwa juu ya malisho yake.

Watu wa Kitengela hawakukaa kimya. Kabla ya video walitumia ramani. Tangu 2000 mpango wa kukodisha ardhi uliwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasijenge ua, ili nyumbu na pundamilia waweze kutoka Hifadhi ya Nairobi na kurudi. Kuanzia 2003, katika mradi wa Reto-o-Reto uliokuwa chini ya taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, wenyeji walitembea na vifaa vya GPS wakipima kila ua uliojengwa, na ramani zao zikaingia kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo hilo. David Nkedianye, aliyekuwa kiungo kati ya watafiti na jamii katika kazi ile, baadaye alichaguliwa gavana wa kwanza wa Kajiado mwaka 2013. Kwangu mimi hii ni sehemu ya historia ya filamu za jamii, ingawa hakuna filamu ndani yake. Watu walijifunza kwamba ushahidi uliokusanywa na mwenyeji huingia ofisini ambako malalamiko yake hayaingii.

Juni 2012 simba sita waliuawa na wakazi wa Kitengela baada ya kuvamia mifugo usiku. Picha zilizunguka dunia: mizoga imelazwa, watu wamesimama na mikuki. Mama aliyeamka alfajiri akakuta kondoo zake zimelala hivyo hivyo hakutokea popote. Miezi michache baadaye, Februari 2013, mvulana wa huko huko, Richard Turere, alisimama kwenye jukwaa la TED huko California akaeleza jinsi alivyobuni taa za kumulika zinazowafukuza simba wasiingie zizini kwa baba yake. Alikuwa na umri wa miaka 13. Mamilioni wameitazama video hiyo. Naipenda, na sichoki kuwaonyesha watoto. Lakini tazama ilivyobidi: ili Kitengela isikike kwa sauti ya mtoto wake, mtoto alipandishwa ndege hadi upande wa pili wa dunia, kwenye kamera za watu wengine.

Leo kamera iko mfukoni. Kijana wa Kitengela anapiga kwa simu, anahariri kwa simu, anapandisha kwa simu. Wapo waliojifunzia kwenye harusi na sherehe za kutahiriwa, ambako mpiga video sasa ni wa lazima kama mpishi. Wapo wanaotengeneza video za nyimbo za injili za Kimaasai, na wapo wachekeshaji wa mtandaoni wanaochanganya Kimaasai, Kiswahili na Sheng. Wanapoamua kuingia kwenye filamu ya jamii, yenye suala na utafiti, hukutana na vizuizi viwili.

Kizuizi cha kwanza ni fedha, na fedha ina masuala inayoyapenda. Kwa miaka 20 iliyopita mwenye kutaka ufadhili wa filamu Kajiado amekuwa na milango miwili iliyo wazi: wembe na simba. Ukeketaji ni jambo zito, na sheria ya 2011 inayouharamisha naiunga mkono bila kusita. Nice Nailantei Leng'ete, binti wa Kimana, amewaokoa wasichana wengi kwa kuketi na wazee na kuwashawishi. Lakini mwaka 2014 wanawake wa Kimaasai waliandamana Kajiado kuipinga sheria hiyo, na televisheni iliwapa dakika moja ya kelele. Mpiga filamu wa kwao angeweza kwenda na mmoja wao hadi nyumbani, akamsikiliza jioni nzima, akamhoji na binti yake, na labda tungejua hofu yao ni ipi. Hayo hayana mfadhili. Hayana mfadhili pia masuala ambayo vijana wenyewe huyataja ukiwapa nafasi: baba aliyeuza shamba bila kumwambia mama, kibarua cha EPZ, basari ya kaunti, kijana aliyependa msichana wa kabila jingine, na fundi wa Ilkunono, ukoo wa wahunzi, ambaye hadi leo wapo wasiotaka kumwoza binti yao. Hilo la mwisho ndilo kipimo. Jamii iliyotengwa ina watu iliowatenga, na filamu ya jamii isiyowafikia inasema uongo kwa lafudhi ya nyumbani.

Kizuizi cha pili ni sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ya tangu miaka ya 1960, inataka kibali kabla ya kupiga filamu ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa. Iliandikwa wakati kamera ilikuwa mashine ya watu wachache. Kikundi cha vijana wa Isinya wenye simu mbili na maikrofoni moja kinawekwa kapu moja na kampuni ya Hollywood.

Hata hivyo kazi inafanyika, na kwa kuwa najua namna inavyofanyika vizuri nitaieleza, maana ndiyo yenye thamani. Vijana huanza kwa kuhojiana wao kwa wao, aliyehoji akihojiwa, ili kila mmoja aonje kukodolewa macho na lenzi. Hadithi huchorwa kwanza, kwenye karatasi au mchangani, picha baada ya picha. Wazee huombwa ruhusa bomani, na ruhusa ya mzee haitoshi kuwa ruhusa ya mkewe. Kinachopigwa mchana huonyeshwa jioni ukutani kwa walewale waliopigwa, na hapo ndipo filamu hutengenezwa kweli: mzee anasema umekosea jina la mto, mama anasema ondoa pale nilipolia, mtoto anataka arudishiwe pale mbuzi alipomkimbia. Yanayoondolewa yanaondolewa. Filamu ya namna hii huenda polepole, na mgeni mwenye tikiti ya kurudi kwao Ijumaa hawezi kuifanya.

Septemba 2020 ilionyesha tulipofika. Kwenye vilima vya Maparasha, Kajiado, maelfu ya morani walikusanyika kwa ajili ya Olng'esherr, sherehe ya kuwaingiza katika uzee. Miaka miwili kabla, UNESCO ilikuwa imeiandika sherehe hiyo, pamoja na Enkipaata na Eunoto, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mashirika makubwa ya habari yalituma wapiga picha, na picha zao zimehifadhiwa vizuri, zina nambari na bei. Simu nazo zilikuwa mikononi mwa watu wa hapo hapo: vijana wakiwapiga picha kaka zao, kaka wakipigana picha wao kwa wao. Hizo zilikwenda kwenye makundi ya WhatsApp. Simu zimebadilishwa mara ngapi tangu hapo? Nyingine ziliibwa, nyingine zilianguka majini, nyingine zilijaa zikafutwa ili pawe na nafasi. Sherehe hiyo haifanyiki kila mwaka. Kumbukumbu ya Maparasha iliyopigwa na wenyewe inapotea, na ile ya wageni inauzwa.

Dawa ya jambo hili imekwisha kuandikwa. Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, inayotaka idhini ya jamii kabla mtu hajautumia utamaduni wake, na inayozipa kaunti jukumu la kuandikisha na kutunza. Mzee Isaac ole Tialolo na wenzake wa chama cha kutetea haki miliki ya Wamaasai wamehangaika kwa miaka na kampuni za nguo na magari zinazotumia jina na mapambo ya Wamaasai bila ruhusa, wakati sheria ya kuwasaidia ipo.

Kwa hiyo naiomba serikali ya Kaunti ya Kajiado ifanye mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. Itenge chumba kimoja mjini Kajiado na kingine Kitengela, chenye umeme wa uhakika na kompyuta za kuhifadhia, na iajiri vijana wa kaunti wanaojua Kimaasai wavisimamie. Kila anayekuja kupiga filamu Amboseli, Magadi, Ngong au Maparasha aache nakala hapo kama sharti la kuruhusiwa. Makumbusho ya Kitaifa yaandike barua London, Oxford na Marekani kuomba nakala za Kearton, za Watt, za Llewelyn-Davies, na ziletwe Kajiado. Na wewe kijana unayesoma haya, uliyekuwa Maparasha siku ile na bado una video zako, zitoe kwenye simu wiki hii. Ziweke mahali pawili, andika majina ya wanaoonekana, jina la mahali na tarehe, na mzee anayeweza kukueleza kinachoendelea ndani yake umrekodi angali hai.